FUATA MAJI YA KIJITO
Somo la jiografia kwa wazazi, walimu na vijana



Katika somo letu la mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jiografia. Wengine wenu mtauliza, "Jiografia ina kazi gani katika gazeti la mtaa? Hayo si mambo ya shule?" Hata sisi zamani tulidhani hivyo. Tulidhani ya kwamba jiografia ni orodha ya milima na mito ambayo mtoto huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akaisahau siku ile ile anapotoka chumba cha mtihani. Lakini jambo lililotupata hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa kusini, limetubadilisha mawazo. Tumeona vema tuwasimulie, ili nanyi mpate kulipima.

1. Kujua majina si kujua nchi

Mambo yalianza hivi. Siku ya Jumamosi tulikuwa na vijana wa mtaa, baada ya mazoezi ya kwaya, tukawa tunawasaidia masomo ya shule. Mtoto mmoja wa darasa la sita alisimama akatueleza habari za Ziwa Victoria bila kukosea. Alisema ya kwamba eneo lake ni kilometa za mraba 68,800 hivi, ya kwamba ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na ya kwamba katika maziwa ya maji baridi duniani ni la pili kwa eneo baada ya Ziwa Superior la Amerika ya Kaskazini. Tukampigia makofi.

Kisha mmoja wetu akamwuliza, "Maji uliyochota asubuhi ya leo yametoka wapi?" Akajibu, "Kijitoni." "Na kijito kimeyapata wapi?" Mtoto akanyamaza. Tukawatazama wenzake, nao wakanyamaza. Halafu mama mmoja aliyekuwa akitusubiri mlangoni akacheka, akasema, "Na ninyi walimu je, mnajua?" Hapo tukanyamaza sisi. Twayanywa maji yale kila siku, lakini hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kukifuata kijito hadi mwanzo wake.

Jambo hili si jipya. Wazee wetu waliosoma enzi za ukoloni hutuambia jinsi walivyofundishwa mito na miji ya Uingereza huku mito yao wenyewe haitajwi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, moja ya makosa aliyoyakemea ni elimu inayomtenga mtoto na jamii anayoishi. Tangu siku hizo vitabu vimebadilika sana, na mito yetu imo. Hata hivyo mtu anaweza kulikariri ziwa lake kama vile babu yake alivyoukariri mto wa London, asiwe amekwenda hata hatua moja kulitazama. Kosa halimo katika kitabu peke yake. Limo pia katika namna ya kufundisha, na katika sisi wazazi tunaodhani kazi ya kufundisha ni ya shule tu.

Basi tulikubaliana na vijana kufanya masomo manne, moja kila Jumamosi. Twayaeleza hapa chini ili mtaa wowote upate kuyafanya bila gharama kubwa.

2. Somo la kwanza: Chora kwenu

Tulianza na ramani ya kijiji. Vifaa vilikuwa kamba, vijiti, kalamu, na karatasi kubwa nne tulizoziunganisha kwa gundi.

Kwanza tulitafuta pande za dunia. Simika kijiti wima mahali pa jua, uweke jiwe pale ncha ya kivuli inapofika. Ngoja kama dakika ishirini, kivuli kitakuwa kimehama. Weka jiwe la pili kwenye ncha yake mpya. Ukivuta mstari toka jiwe la kwanza hadi la pili, umeelekea mashariki. Simama sasa mashariki ikiwa kuumeni kwako. Mbele yako ni kaskazini. Watoto walishangaa sana kuona ya kwamba kivuli kinaweza kufanya kazi ya dira.

Pili tulipima. Tulifunga mafundo katika kamba, tukapima mita 100 barabarani, na kila kijana akazitembea akihesabu hatua zake. Mmoja alipata hatua 140, mwingine 155. Basi kila mtu akaijua hatua yake mwenyewe, naye aweza kupima njia yoyote kwa kutembea. Tukakubaliana ya kwamba sentimeta moja ya karatasi iwe mita 10 za ardhi. Hiyo ndiyo maana ya kipimo cha ramani, neno ambalo watoto walikuwa wakilikariri bila kulielewa.

Tatu tulitia vitu katika ramani: njia, nyumba, shule, kanisa, zahanati, mwalo wa wavuvi, mashamba, vyoo, malisho, na kijito tangu kwenye chemchemi mpaka kinapoingia ziwani. Kina mama walitusaidia kuliko wanaume, kwa maana wao wanajua kila njia ya maji na kila mti wa kuni. Hili nalo ni funzo. Tukitaka kujua nchi, tuwaulize wale wanaoitembea.

3. Somo la pili: Fuata maji

Jumamosi ya pili tulisema, "Tumekwisha kukijua kijito. Je, maji yake yanakwenda wapi?" Yanakwenda ziwani. Na ziwa je?

Ziwa letu ni kama sinia kubwa. Ni pana sana, lakini si la kina kirefu: kwa wastani ni kama mita 40, na mahali penye kina kuliko pote hapapiti sana mita 80. Maji yake mengi, kama sehemu nne katika tano, huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yanayobaki huletwa na mito: Mara, Simiyu, Nzoia na mingineyo, na mkubwa kupita yote ni Kagera. Kagera hutoka katika milima ya Rwanda na Burundi. Kwa hiyo, ingawa nchi zinazopakana na ziwa ni tatu, yaani Tanzania, Uganda na Kenya, nchi zinazolipatia maji ni tano. Mkulima wa Burundi akiacha udongo wa shamba lake ukachukuliwa na mvua, udongo ule waweza kufika kwetu.

Maji mengi ya ziwa hupanda hewani kwa joto la jua, yakawa mawingu. Yanayobaki yana mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja, katika Uganda. Hapo ndipo Mto Nile unapotoka ziwani. Tuliwaambia vijana wachukue kidole na kukitembeza juu ya ramani: Jinja, Ziwa Kyoga, maporomoko ya Murchison, Ziwa Albert, Juba katika Sudan Kusini, Khartoum ambako mto wetu unakutana na Nile ya Buluu itokayo Ethiopia, kisha Aswan, Kairo, na mwisho Bahari ya Mediterania. Kijana mmoja akauliza kama Wamisri wanakunywa maji yetu. Tukamjibu kwa ukweli. Maji mengi yanayofika Misri hutoka katika milima ya Ethiopia, wala si kwetu. Lakini maji yetu hutiririka mwaka mzima, hata majira ambayo yale ya Ethiopia yamepungua.

Kutoka hapo mazungumzo yakaingia katika haki. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikizitawala nchi zetu, ilipatana na Misri ya kwamba kazi yoyote ya kuyapunguza maji yaendayo Misri isifanywe bila Misri kukubali. Sisi wenyewe hatukuulizwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ilisema haitafungwa daima na mapatano yaliyofanywa na wakoloni. Miaka mingi baadaye Tanzania ilitengeneza bomba la kuchukua maji ya ziwa toka Ihelele mpaka Kahama na Shinyanga, ambako watu walikuwa wakiteseka kwa kiu, na baadaye maji hayo yakafikishwa Tabora, Igunga na Nzega. Mwaka 2010 nchi kadhaa za bonde la Nile zilianza kutia sahihi mkataba mpya wa kushirikiana, nao ukaanza kuwa na nguvu ya sheria mwezi Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan hazikujiunga nao.

Angalieni jinsi kijito kidogo kilivyotufikisha mbali. Kijana anayejua habari hizi akisikia redioni watu wakibishana juu ya maji ya Nile, hatasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Atajua ya kwamba ni mambo ya ndoo ya mama yake, na pia ni mambo ya ndoo ya mama mmoja aliyeko Misri ambaye hana mvua ya kutegemea. Tukijua haki yetu tu bila kuijua shida ya jirani, jiografia yetu imefika nusu ya njia.

4. Somo la tatu: Fuata samaki, fuata na magugu

Jumamosi ya tatu tulikwenda mwaloni. Tuliwaambia vijana wamtazame sangara. Samaki huyu hakuwa wa ziwa letu tangu mwanzo. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikaa kimya kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa ghafula. Furu, samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa hawapatikani mahali pengine popote duniani, wengi wao walitoweka. Wakati huo huo sangara alileta fedha. Katika miaka ya 1990 viwanda vya kukata minofu vilijengwa Mwanza na mahali pengine, na minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege.

Tulimwuliza mvuvi mmoja samaki wake anakwenda wapi. Akasema, "Minofu kwa Wazungu, mabondo kwa Wachina, mapanki kwetu." Watu walicheka, lakini katika maneno yale yamo masomo matatu ya jiografia. Tena mambo yakiharibika mahali pamoja, hutikisika na mahali pengine. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya iliwazuia kwa muda samaki wa ziwa letu wasiingie kwake, kwa sababu ya habari za watu wanaovua kwa sumu. Wavuvi wachache walitia sumu majini, na wavuvi wengi wasio na hatia wakakosa wanunuzi. Kwa hiyo anayetumia sumu au kokoro mwaloni kwetu haharibu riziki yake peke yake.

Kisha tukang'oa gugu maji moja lililokuwa likielea kandoni. Ua lake ni zuri, la rangi ya zambarau. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika bonde la Mto Amazon. Watu walilipenda kwa uzuri wake wakalipeleka nchi nyingi kuwa pambo la bustani na mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika ziwa letu, na Mto Kagera ukawa unaliongeza kila siku toka juu. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari. Mitumbwi ikashindwa kupita, maji chini yake yakakosa hewa. Watu walilivuna kwa mikono na kwa mashine. Kuanzia mwaka 1995 wakaletwa mende wadogo wanaokula gugu hilo, ambao kwao nako ni Amerika ya Kusini. Kufikia mwisho wa miaka hiyo gugu lilipungua sana, ingawa halikwisha, na mahali pengine lilirudi tena.

Hapa vijana waliuliza swali jema: "Kwa nini linastawi sana kwetu?" Sababu moja ni kwamba adui zake hawakuja pamoja nalo. Sababu nyingine ni mbolea. Maji machafu ya miji, samadi na udongo wa mashamba huingia ziwani na kulilisha. Yaani gugu lililotoka Amazon linakula chakula tunachokitupa sisi. Haifai kuilaumu nchi ya mbali wakati sisi wenyewe ndio tunaolinenepesha.

Ndiyo maana ziwa hili haliwezi kutunzwa na nchi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977; ya sasa iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Liko Shirika la Uvuvi wa Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, na iko Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu. Mwananchi wa kawaida hulipia vyombo hivi kwa kodi yake. Basi yafaa avijue kwa majina na kuuliza vinafanya nini.

5. Somo la nne: Itazame ramani ya dunia tena

Jumamosi ya nne tulitundika ramani ya dunia ukutani. Tuliwauliza vijana, "Greenland na Afrika, ipi kubwa?" Wakasema ya kwamba zinakaribiana. Ndivyo ramani ile inavyoonyesha. Lakini ukweli ni kwamba Afrika ni kubwa kama mara 14 kuliko Greenland!

Je, mchoraji alidanganya? Hapana. Dunia ni mviringo kama chungwa. Ukilimenya chungwa na kulilaza ganda lake mezani, litapasuka. Huwezi kulilaza tambarare bila kulivuta. Kila ramani ya dunia imevutwa mahali fulani. Ile ya Mercator, iliyotolewa mwaka 1569, ilikusudiwa mabaharia. Inaweka sawa pembe za safari, na kwa ajili hiyo inavuta sana nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Nchi za ikweta kama zetu huonekana ndogo. Baharia ilimsaidia, lakini mtoto anayeitazama kila siku ukutani hujifunza, bila kuambiwa neno, ya kwamba nchi za kaskazini ni kubwa kuliko yetu.

Tuliwafundisha vijana kuuliza maswali matatu mbele ya kila ramani: Imechorwa na nani? Imechorwa kwa kazi gani? Ni kitu gani kimeachwa nje? Hatukujua ya kwamba maswali yale yangerudi kwetu wenyewe kabla ya mwezi kwisha.

6. Ramani ilipotushtaki

Wakati wa kumalizia ramani ya kijiji ulipofika, vijana waliomba jambo moja. Walikuwa wamesikia shuleni juu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, katika mita 60 toka kwenye kingo za mito na maziwa. Wakataka kuchora mstari wa mita 60 kila upande wa kijito, waone ni nini kimo ndani. Kwa kipimo chetu ni sentimeta sita tu. Wakachukua rula wakachora.

Ndani ya mstari kulikuwa na mashamba kumi na moja. Kulikuwa na mahali ambapo watu huoshea bomba za kupulizia dawa ya pamba na nyanya, hatua chache juu ya mahali pa kuchotea maji. Kulikuwa na bustani ya mjane mmoja anayewalisha wajukuu zake kwa mchicha. Tena, wasomaji wapenzi, kulikuwa na shamba la kanisa. Shamba lile lile ambalo mavuno yake yalitusaidia kuezeka paa, na ambalo sisi wazee wa mtaa tulilifyeka mpaka ukingoni, tukang'oa na miti iliyokuwapo.

Hatutaki kuwaficha lililofuata. Tulikutana usiku, watu wazima peke yetu. Mmoja wetu alishauri ya kwamba, kwa kuwa ramani itapelekwa katika mkutano wa kijiji, ni afadhali shamba la kanisa lisionyeshwe. "Si kusema uongo," alisema, "ni kunyamaza tu." Wengine wetu tuliona ni shauri la busara. Kesho yake tukawaambia vijana. Binti mmoja, mdogo kuliko wenzake, alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Basi na kijito tukifute. Maana kinapita mle mle."

Hatukuwa na jibu. Sisi ndio tuliowafundisha kuuliza ni kitu gani kimeachwa nje ya ramani. Shamba likabaki.

7. Kutoka ramani hadi mkutano

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Si wa mwenyekiti, wala si wa matajiri. Kila mtu mzima ana haki ya kusema na ya kuuliza. Wengi wetu tumeizoea haki hii hata tumeiacha. Tunakwenda mkutanoni kusikiliza matangazo ya michango, kisha turudi nyumbani tukinung'unika njiani.

Safari hii tulikwenda na ramani, tukaitundika juu ya mti. Mzee wa kanisa alisimama wa kwanza, akaonyesha kwa kidole shamba letu, akasema, "Hili ni la kwetu, nasi tumekosa." Baada ya hapo ikawa vigumu kwa wengine kukasirika, lakini walikasirika. Mzee mmoja alisema, "Mmetuletea karatasi ya kutunyang'anya mashamba." Si maneno ya kupuuzwa. Mwenye shamba kando ya kijito si mharibifu kwa kupenda. Hulima pale kwa sababu pana unyevu, na mvua siku hizi hazitabiriki. Na yule mjane akauliza swali lililotushinda: "Mkiniondoa, wajukuu watakula sheria?"

Mkutano ulichukua muda mrefu, na ukarudiwa mara ya pili. Maazimio yalikuwa haya. Kuosha bomba za dawa kijitoni kulikatazwa siku ile ile. Mwenye shamba ndani ya mstari alipewa misimu mitatu ya kuhama, na mahali pake ipandwe miti na majani ya malisho ambayo atayavuna mwenyewe. Shamba la kanisa lihame kwanza. Na sehemu ya shamba hilo iliyo nje ya mstari, theluthi moja, apewe yule mjane alime bila kulipa.

Je, yote yametimia? Hapana. Wako ambao misimu mitatu imepita nao bado wanalima. Miti mingine ililiwa na mbuzi, tukapanda tena. Lakini bomba hazioshwi tena pale, na mjane analima mchicha wake nje ya mstari. Na vijana wameona kwa macho yao ya kwamba karatasi waliyoichora kwa hatua zao wenyewe imesababisha watu wazima wakae chini na kuamua jambo. Funzo hilo hawatalisahau baada ya mtihani.

Tena maji yenyewe yalitukumbusha. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda kupita kile kipimo cha juu cha mwaka 1964, ambacho wazee bado wanakisimulia, na mwaka 2024 likapanda zaidi. Nyumba nyingi za ufukweni katika nchi zote tatu ziliingiliwa na maji. Ule mstari wa mita 60, ambao watu waliuona kuwa ni uonevu, kwa wakati kama ule ni ulinzi.

8. Shauri letu

Kwa walimu: kila mada ya jiografia ianzie mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwa miguu, kisha ipelekwe mbali mpaka nchi za nje, halafu irudishwe nyumbani na swali, "Sasa sisi tufanye nini?" Somo lisilorudi nyumbani humfanya mtoto awe msemaji tu. Somo lisilotoka nyumbani humfanya adhani ya kwamba dunia inaishia kwenye mwalo wake.

Kwa wazazi: mtoto akiuliza maji yanatoka wapi, usimwambie anyamaze. Kama hujui, nenda naye. Kwenda naye ndiko kumfundisha.

Kwa sisi viongozi wa mtaa: tusiwafundishe vijana kutazama nchi kwa makini kama hatuko tayari kutazamwa pamoja nayo.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani na katika vikundi

1. Maji unayokunywa yanatoka wapi, na yanapita kwa nani kabla ya kukufikia? Yakitoka kwako yanakwenda kwa nani?

2. Chagueni kitu kimoja kinachouzwa kijijini kwenu, kama pamba, dagaa au kahawa. Kinakwenda nchi gani? Bei yake inaamuliwa na nani?

3. Ni mmea au mnyama gani wa kwenu aliyetoka nchi nyingine? Ameleta faida gani na hasara gani?

4. Yule mjane aliuliza kama wajukuu watakula sheria. Ninyi mngemjibu nini?

5. Mara ya mwisho ulisimama lini katika mkutano wa kijiji ukauliza swali? Kama hujawahi, ni kitu gani kinakuzuia?

6. Kama ramani ya kijiji chenu ingechorwa kwa ukweli, ni kitu gani ambacho baadhi yenu mngependa kisionyeshwe?

Mkifanya masomo haya mtaani kwenu, tuleteeni habari zake, mazuri na magumu pia, ili nasi tujifunze kwenu.